Kabla ya kuiamini picha, muulize aliyeshika kamera

Msomaji mpenzi, kabla hujafungua ukurasa unaofuata, hebu inua macho uutazame ukuta wa sebule yako. Bila shaka kuna picha pale. Pengine ni ya harusi ya wazazi wako. Pengine ni ya kifungua mimba wa nyumba hiyo akiwa amevaa joho siku ya kuhitimu. Au pengine ni ya mzee aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, imezungushiwa maua ya plastiki. Sasa jiulize swali moja dogo: ni nani aliyeipiga picha hiyo, na aliipiga kwa ajili ya nani?

Utasema hilo ni swali la kitoto. La hasha! Tukilifuata kwa makini litatupeleka mbali. Litatuingiza msituni Nyandarua, litatuvusha Ziwa Tanganyika, litatufikisha Bolivia huko Amerika ya Kusini, kisha litaturudisha nyumbani kwenye vilima vya majani chai. Maana kila kundi la watu lililowahi kuinuka kuwapinga watawala wake limepigana vita viwili. Vita vya kwanza ni vya bunduki, mapanga, mikutano au maandamano. Vita vya pili ni vya picha. Na mara nyingi anayeshinda vile vya kwanza siye anayeshinda vya pili.

PICHA MBILI UKUTANI

Mimi ni mwenyeji wa Chepseon, kando ya barabara kuu itokayo Kericho kuelekea Nakuru. Kwetu asubuhi ukungu hulala juu ya majani chai hadi jua lipate nguvu, na alasiri mvua huja bila kubisha hodi. Katika nyumba ya nyanya yangu, ambaye sisi Wakipsigis humwita kogo, kulikuwa na picha mbili tu ukutani.

Ya kwanza ilikuwa kalenda. Ilionyesha wanawake wakichuma majani chai, vikapu mgongoni, nyuso zikitabasamu, na nyuma yao kijani kitupu hadi upeo wa macho. Mwaka wa kalenda ile ulikuwa umepita zamani, lakini kogo hakuitoa kwa sababu ilipendeza.

Ya pili ilikuwa ya babu. Ilikuwa kubwa, ndani ya fremu ya mbao, na sura yake ilikuwa kavu kama ya mtu aliyekemewa. Hatukuelewa kwa nini, kwa kuwa babu alikuwa mcheshi. Baadaye tulielezwa kwamba mzee alipigwa picha mara moja tu maishani, siku alipokwenda kutafuta kitambulisho. Aliketishwa kwenye kigoda, akaambiwa anyamaze na atazame mbele. Alipofariki, jamaa waliichukua ile picha ndogo ya kitambulisho hadi studio mjini, ikakuzwa, na ndiyo iliyobebwa mbele ya jeneza.

Fikiri, msomaji. Picha ile ilipigwa ili serikali imtambue babu. Haikupigwa ili sisi tumpende. Lakini leo ndiyo tunayoitazama tunapomkumbuka, na wajukuu ambao hawakumwona akiwa hai wanadhani alikuwa mtu mkali. Picha ni kama mtoto: aliyemzaa si lazima awe ndiye atakayemlea. Lakini hata akilelewa na wengine, hubeba sura ya mzazi.

Shikilia neno hilo, maana ndilo litakalotuongoza.

"NILIONA PICHA"

Siku moja nilimuuliza kogo kuhusu miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa na Gavana Evelyn Baring mnamo Oktoba 1952.

"Kogo, uliwahi kumwona mtu wa Mau Mau?"

"Sikumwona hata mmoja, mjukuu wangu. Lakini niliwaogopa kuliko chui."

"Sasa kama hukuwaona, uliwaogopea nini?"

"Niliona picha."

Picha aliyoiona ilikuwa kwenye gazeti la mwenye duka, ambaye aliliweka mezani ili wateja walitazame wakipimiwa sukari. Kogo hakujua kusoma. Lakini nani anahitaji kisomo ili aogope maiti?

Kogo hakuwa peke yake. Januari 1953 familia ya walowezi walioitwa Ruck iliuawa shambani kwake, mtoto wao mdogo wa kiume akiwa miongoni mwa waliokufa. Picha ya chumba cha mtoto yule, kikiwa na damu na vitu vyake vya kuchezea, ilichapishwa magazetini na kuchoma mioyo ya watu hapa Kenya na huko Uingereza. Halafu usiku wa Machi 26, 1953, yakatokea mauaji ya Lari, ambapo nyumba za watu waliokuwa upande wa serikali ziliteketezwa na watu wasiopungua 70 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Wapiga picha walifika. Picha zile zilichapishwa na kusambazwa hata ng'ambo, ili dunia ione Mau Mau ni watu wa namna gani.

Nataka tuelewane hapo. Picha zile hazikuwa za uongo. Watu waliuawa kweli, na mtoto ni mtoto. Lakini yaliyofuata Lari hayakupata kamera. Homugadi na askari walilipiza kisasi kuanzia usiku uleule, na watu wengi sana waliuawa. Kundi moja la maiti lilipigwa picha, jingine likazikwa kimyakimya. Waswahili walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Tazama hesabu za vita vile. Raia wa kizungu waliouawa na Mau Mau katika miaka yote ya Hali ya Hatari walikuwa 32. Waafrika walionyongwa na serikali kwa makosa yaliyohusu Mau Mau walikuwa 1,090. Lakini mwulize mtu wa London wa mwaka 1954 ni nani aliyekuwa akiua, naye angekujibu kwa zile picha alizoziona.

Au chukua kambi ya Hola. Machi 3, 1959, mahabusi 11 walipigwa hadi kufa kwa sababu ya kukataa kufanya kazi ya shuruti. Mwanzoni serikali ilitangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Kama kungekuwa na picha moja ya marungu yale yakishuka, nani angethubutu kutamka neno maji? Ukweli ulifichuka kwa ushahidi wa madaktari na maswali ya wabunge, lakini kamera haikuwapo.

MTU ALIYELALA KWENYE MACHELA

Sasa tuingie kwenye picha ambayo kila mwanafunzi wa Kenya anaijua. Oktoba 21, 1956, Dedan Kimathi alipigwa risasi mguuni na kukamatwa karibu na Nyeri. Alipigwa picha akiwa amelazwa kwenye machela, mikono imetiwa pingu, nywele ndefu zimesokotana, macho yakiitazama kamera.

Picha ile ilipigwa kwa shabaha moja tu: kuonyesha kwamba mchezo umekwisha. Serikali ilichapisha vikaratasi kwa maelfu kutangaza kukamatwa kwake. Ujumbe ulikuwa mwepesi: mtu mliyemwita Field Marshal, mliyesema hapatikani, huyu hapa, amelala chini kama mwizi wa mbuzi. Miezi minne baadaye, Februari 18, 1957, Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti, na kaburi lake halikuonyeshwa familia yake.

Lakini picha ilibaki hai, nayo ikaanza kusema maneno mengine. Watoto waliozaliwa baada ya uhuru waliitazama wasione mhalifu. Waliona mtu aliyefungwa mikono lakini hakufungwa macho. Nywele zile ambazo mkoloni alizionyesha kama alama ya ushenzi, vijana wakazifuga vichwani mwao. Pingu zilizowekwa ili kumdhalilisha zikageuka kuwa ushahidi dhidi ya aliyemfunga. Leo sura ile utaikuta kwenye fulana, kwenye matatu, na kwenye kuta za vibanda vya vinyozi.

Je, serikali ya Kenya huru ilifanya nini? Kwa miaka mingi haikutaka kuitazama. Ni kweli kwamba Disemba 1963 wapiganaji walitoka msituni wakapigwa picha, na ipo picha mashuhuri ya Field Marshal Musa Mwariama akiwa pamoja na Mzee Jomo Kenyatta. Lakini sheria ya mkoloni iliyopiga marufuku Mau Mau iliachwa vitabuni hadi mwaka 2003. Yaani kwa miaka 40 ya uhuru, chama cha waliopigania uhuru kilikuwa haramu!

Halafu Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, Rais Mwai Kibaki akazindua sanamu ya Kimathi katikati ya Nairobi, kwenye barabara iitwayo kwa jina lake. Ukipita pale, simama uitazame vizuri. Kimathi wa sanamu hajalala. Amesimama wima, amevaa sare, mkono mmoja una bunduki na mwingine una jisu. Taifa lilikuwa likiijibu ile picha ya machela. Lilikuwa likisema: ninyi mlimlaza, sisi tumemwinua.

Hata hivyo, sanamu nayo ni picha. Sanamu ile haituonyeshi wapiganaji walioteseka kwa njaa na kufarakana msituni, wala wanawake waliopeleka chakula usiku na habari mchana. Aliyeichonga alichagua la kuonyesha, kama alivyochagua yule wa mwaka 1956. Tofauti ni kwamba safari hii mchaguzi alikuwa wetu.

KIJANA NA FULANA YA CHE

Wasidhani wasomaji kwamba mambo haya ni ya Kenya peke yake. Pale kituo cha matatu cha Chepseon nilimkuta utingo mmoja amevaa fulana yenye uso wa mtu mwenye ndevu na kofia iliyo na nyota. Nikamuuliza huyo ni nani. Akajibu bila kusita: "Huyu ni rafiki ya Bob Marley."

Usicheke sana. Uso ule ni wa Ernesto Che Guevara, na ulipigwa picha na Alberto Korda jijini Havana, Kuba, Machi 5, 1960, katika hafla ya kuwaomboleza waliouawa meli ilipolipuka bandarini. Kwa miaka kadhaa karibu nchi za nje hazikuijua. Ilienea baada ya Che kuuawa Bolivia mwaka 1967. Tangu hapo imechapwa kwenye fulana, vikombe na vibiriti, na wafanyabiashara ambao Che angewapiga vita wamejipatia fedha kutokana na uso wake. Naam, picha inaweza kuinua harakati, na inaweza pia kuimaliza nguvu kwa kuifanya pambo.

Na kuna picha nyingine ya Che ambayo ni ndugu wa ile ya Kimathi. Baada ya kuuawa, wanajeshi wa Bolivia waliulaza mwili wake juu ya karai la saruji la kufulia nguo katika hospitali ya mji wa Vallegrande, wakawaita waandishi wa habari. Oktoba 10, 1967, Freddy Alborta akapiga picha: maofisa wamesimama, mmoja anaelekeza kidole, na maiti imefumbua macho. Shabaha ilikuwa ileile: huyu hapa, amekwisha. Lakini watu wengi walioitazama waliona kitu kingine. Walimkumbuka Yesu aliyeteremshwa msalabani. Wanavijiji wa huko wakaanza kumwombea na kumwomba. Mtawala alipiga picha ya mzoga, watu wakapokea picha ya mtakatifu.

Lakini je, unajua kwamba mtu huyo alipita karibu na sisi? Aprili 1965 Che aliingia Dar es Salaam kwa siri, akasafiri hadi Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kuwasaidia wapiganaji wa mashariki ya Kongo. Kule alipewa jina la Kiswahili, Tatu, yaani namba tatu. Alikaa karibu miezi saba, mambo yakaharibika, akaondoka Novemba mwaka huohuo. Kwa kuwa safari ilikuwa ya siri, dunia haikuiona. Hakuna fulana ya "Tatu". Che aliyeshindwa Kongo, aliyeugua homa na kugombana na wenyeji wake, hayumo kabisa kwenye uso ule mzuri wa Havana. Mtu ni yuleyule. Kilichokosekana ni macho ya dunia.

WALE WASIO NA PICHA

Sasa turudi nyumbani, msomaji, kwa sababu hapa ndipo shina la jambo lilipo.

Kabla ya Mau Mau, sisi watu wa milima hii tulikuwa na harakati zetu. Jirani zetu Wanandi, ambao ni ndugu zetu kwa lugha na damu, waliwapinga Waingereza kwa zaidi ya miaka kumi. Kiongozi wao alikuwa Orkoiyot Koitalel arap Samoei, mtabiri na msimamizi wa jamii yake. Oktoba 19, 1905, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akauawa kwa risasi na ofisa Richard Meinertzhagen. Shajara ya ofisa huyo ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1957, mwaka uleule aliponyongwa Kimathi. Hivyo kwa miaka mingi, aliyetaka kujua Koitalel alikufaje alisoma maneno ya aliyemuua. Mwaka 2006 fimbo tatu za uongozi wa Koitalel zilirudishwa Kenya kutoka Uingereza. Fimbo zilirudi bila mwenyewe.

Upande wetu wa Kericho, ukoo wa Talai ndio uliotoa viongozi wa namna hiyo. Mwaka 1914 mkoloni aliwatoa wakubwa wao na kuwapeleka uhamishoni sehemu za mbali. Halafu mwaka 1934 akatunga sheria mahsusi ya kuwahamisha watu wa ukoo huo, na mamia ya watu, wazee kwa watoto, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Lilikuwa eneo la joto, mbung'o na malaria, nao walitoka kwenye baridi ya milimani. Wengi walifia huko, na waliosalia hawakurudi hadi siku za uhuru zilipokaribia. Waliporudi, ardhi nyingi ilikuwa imeshapandwa majani chai.

Mimi nimeingia katika nyumba nyingi za Chepseon na vijiji vya jirani. Sijawahi kuona ukutani picha ya safari ile ya Gwassi. Hakuna picha ya mama amebeba mtoto na kibuyu cha mursik akisukumwa na askari. Lakini ile kalenda ya wachuma chai ipo katika nyumba nyingi! Dunia nzima inaijua Kericho kwa kijani chake na vikapu vyake. Mtu akiona pakiti ya chai London au Karachi, anaona amani tupu. Picha ile nayo si ya uongo; chai ni ya kijani kweli na wanawake wetu hutabasamu kweli. Lakini picha nzuri iliyotundikwa kila mahali inaweza kuziba tundu ambalo picha nyingine ingepita.

Agosti 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Walipeleka nini, kama hawakuwa na picha? Walipeleka kumbukumbu za wazee na karatasi za mkoloni mwenyewe. Wazee wa Mau Mau nao waliposhitaki London, ushuhuda wa midomo yao, pamoja na majalada yaliyokuwa yamefichwa na serikali ya Uingereza, ndivyo vilivyowapa nguvu. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa ajili ya wazee 5,228. Kwa hiyo asiyekuwa na picha asikate tamaa. Lakini wazee hao hawatuhesabii miaka. Kila mzee anayezikwa ni kama kamera iliyozikwa na filamu yake ndani.

Na kuna jambo la kutisha zaidi. Ile hofu aliyoipata kogo kwa kutazama gazeti dukani haikuishia dukani. Picha ya Mau Mau ikawa kwake picha ya kabila zima la Wakikuyu, ambao baadhi yao walikuja kuwa majirani zetu huku Kipkelion na Londiani. Sisemi kwamba picha ndizo zilizoleta vita vya kikabila vya 1992 au vya mapema 2008. Vita vile vilikuwa na wachochezi wake wa siasa na ardhi. Ninachosema ni kwamba mchochezi hupanda penye udongo uliolimwa, na hofu ya kurithi ni udongo mzuri sana. Laiti kogo angeonyeshwa pia picha za Wakikuyu waliofungiwa kambini, angeona watu walionyang'anywa ardhi kama walivyonyang'anywa watu wa ukoo wa Talai. Angesema: kumbe hawa ni wenzetu.

SIMU MFUKONI

Wewe kijana unayesoma utasema hayo ni ya zamani, siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni. Ni kweli, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini hebu tukumbuke Juni 2024, vijana walipojitokeza kuupinga Mswada wa Fedha.

Katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, mjomba mmoja alituma picha ya moshi ukifuka kutoka majengo ya Bunge siku ile ya Juni 25. Chini yake akaandika: "Hawa ni wahuni." Dakika chache baadaye, mpwa wake aliye chuoni akatuma picha ya msichana amepiga magoti mbele ya askari, ameinua bendera ya Kenya. Chini yake akaandika: "Hawa ni mashujaa." Wakaanza kurushiana maneno, na kwa siku kadhaa mtu na mpwa wake hawakujuliana hali.

Picha zote mbili zilikuwa za kweli. Kesho yake, Juni 26, Rais William Ruto alisema hatautia saini mswada ule. Makumi ya watu walipoteza maisha katika maandamano ya majuma yale. Safari hii, tofauti na Lari na Hola, kamera zilikuwapo pande zote. Aprili 2025 shirika la BBC lilitoa filamu iliyochambua zaidi ya picha na video 5,000, nyingi zikiwa za watu wa kawaida, ili kuonyesha ni nani aliyefyatua risasi nje ya Bunge. Jambo kama hilo mahabusi wa Hola hawakulipata.

Lakini wingi wa picha si wingi wa ukweli. Picha ya mwaka huu huweza kuandikwa chini yake kwamba ni ya jana. Ya nchi nyingine huweza kuitwa ya Nairobi. Na sasa kuna kompyuta zinazoweza kutunga picha ya mtu ambaye hakuwapo, mahali pasipokuwapo. Mkoloni alihitaji mpiga chapa na ndege ya kusambaza vikaratasi. Leo mpotoshaji anahitaji kidole tu.

TUFANYE NINI BASI?

Mwanafunzi, kila uonapo picha ya harakati yoyote, iwe ya kale au ya leo asubuhi, iulize maswali manne kabla ya kuipitisha kwa wenzako. Nani aliyeipiga? Aliipiga ili nani aione? Maneno yaliyo chini yake yameandikwa na nani? Na je, nje ya fremu kuna nini, ambacho kama kamera ingegeuka kidogo ningekiona? Picha isiyoweza kujibu hata swali moja kati ya hayo, iache ipoe kwanza.

Nanyi wazazi, chukueni zile picha zilizojaa kwenye bahasha chini ya kitanda. Andikeni nyuma yake, kwa kalamu laini, majina, mwaka na mahali. Msisubiri matanga. Msimtegemee karani wa vitambulisho awe ndiye mtunza sura wa ukoo wenu. Mpige mzee picha akiwa anacheka, akiwa anakama ng'ombe, akiwa anasimulia. Halafu mtie sauti yake kwenye simu akieleza yale ambayo hayakupigwa picha. Kama nyumba yenu ilikuwa na mtu wa msituni, mtu wa Gwassi, homugadi au mahabusi, andikeni lake pia, hata kama linaumiza. Watoto wenu watahitaji zaidi ya kalenda.

Maana, msomaji mpenzi, mtu mwingine akipewa kazi ya kukupiga picha siku zote, siku moja wajukuu wako watakutazama wasikujue. Na harakati ikiachiwa adui aipige picha, au ikiachiwa mfanyabiashara, au ikiachiwa hata shabiki asiyetaka kuona dosari, watoto wataurithi uso bila kuirithi sababu. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walisema wahenga. Kisu cha nyakati zetu kiko mfukoni mwako, na betri inachajiwa kwa shilingi chache pale sokoni. Kinoe, lakini ukitumie kwa haki.